Jetoni za Kashuga na bundi wa Athene: namna ya kuhesabu pesa ambazo hakuna aliyeziandika

Kwa miaka mingi, mtu mzima wa Kashuga amezoea kukunja karatasi ndogo pamoja na kadi yake ya mpiga kura. Karatasi hiyo huitwa jetoni. Huandikwa mwezi, na juu yake hupigwa muhuri, ambao wengi hapa huuita kashe. Aliye nayo hupita bariera. Asiye nayo hulipa papo hapo, au huzuiliwa, au hupewa kazi ya kubeba mizigo.

Kashuga iko katika utawala wa Bashali, teritware ya Masisi, si mbali na Mweso, na mpaka wa Walikale hauko mbali. Kambi zake za wahamishwa zinajulikana tangu zamani na mashirika ya misaada. Vikundi vyenye silaha vimepokezana eneo hili zaidi ya mara moja, na kila kikundi kilikuja na kashe yake. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeeleza kodi hii mara kadhaa: katika sehemu za Masisi na Walikale, mtu mzima alitozwa mara nyingi faranga 1,000 kwa mwezi.

Faranga 1,000 ni bei ndogo sokoni. Lakini tuchukue mfano wa kijiji chenye watu wazima 5,000. Kwa mwaka mmoja ni faranga milioni 60, kutoka kijiji kimoja, kwa karatasi tu, bila kuhesabu maharage na makala yaliyotozwa barabarani. Basi zilitolewa jetoni ngapi kwa jumla? Nani angejua? Aliyekuwa na daftari alikimbia, au daftari lenyewe liliungua, au halikuwapo kamwe. Kilichobaki ni karatasi chache katika mifuko na chini ya magodoro.

Swali hili lina ndugu yake wa mbali. Kwa zaidi ya nusu karne, wanahistoria wa sarafu wamekuwa wakijiuliza jambo hilo hilo kuhusu Ugiriki ya kale. Athene, Korintho na Sirakusa ziligonga sarafu za fedha kwa wingi, lakini miji hiyo haikutuachia hesabu za karakana zake. Zilizobaki ni sarafu zenyewe, chache kati ya nyingi. Na bado wataalamu wamepata njia ya kukisia zilizopotea. Njia hiyo inaanza na muhuri.

Muhuri, nyundo na fuawe

Fundi wa Athene wa karne ya 5 kabla ya Kristo alikuwa na mihuri miwili ya chuma au ya shaba nyeusi. Wa chini ulikazwa ndani ya fuawe. Wa juu ulishikwa kwa mkono. Kati yake kiliwekwa kipande cha fedha kilichokwisha pimwa uzito, kisha nyundo ikashuka. Upande mmoja kikatokea kichwa cha Athena, mungu wa kike wa mji, na upande wa pili bundi. Sarafu yao kubwa ilikuwa ya drakma nne, na uzito wake ni gramu 17 na kidogo.

Kila muhuri ulichongwa kwa mkono, kwa hiyo hakuna miwili iliyo sawa kabisa. Jicho la bundi mmoja ni pana zaidi, jani la mzeituni kwenye kofia ya Athena limeinama kidogo, herufi moja imesogea. Muhuri ukianza kupasuka, ufa wake huonekana kama mshipa mwembamba juu ya kila sarafu inayofuata. Ni kama kashe ya ofisi iliyopigika pembeni: ukishaujua ule upungufu wake, utautambua kwenye kila karatasi iliyotoka mezani hapo.

Muhuri wa juu ulipokea nyundo moja kwa moja, hivyo uliharibika mapema. Wa chini ulikingwa na fuawe na uliishi zaidi. Ndiyo sababu wataalamu huhesabu hasa mihuri ya chini.

Kazi yenyewe ni ya subira. Mtafiti hukusanya picha za kila sarafu ya aina moja anayoweza kuipata, kutoka makumbusho, minada na vitabu vya zamani, halafu huzilinganisha mbili mbili mpaka ajue ipi na ipi zilitoka katika muhuri mmoja. Inaweza kuchukua miaka. Mwishoni ana namba mbili tu: sarafu alizoziona, na mihuri aliyoitambua.

Chukudu za sokoni

Namba hizo mbili zinasema nini? Tuache Ugiriki kwanza, tusimame kando ya barabara siku ya soko.

Tuseme mtu anaandika kila chukudu inayopita, akitambua kila moja kwa mbao na magurudumu yake. Baada ya kupita mara 100, ameona chukudu 20 tu, kila moja imerudi karibu mara tano. Atasema bila wasiwasi kwamba hapa hakuna chukudu nyingi zaidi ya hizo. Kesho yake anasimama mahali pengine, tena anahesabu mara 100, lakini safari hii anaona chukudu 90 tofauti. Hapo anajua kwamba zile ambazo hajaziona bado ni nyingi mno.

Mihuri ni vivyo hivyo. Wamarekani wawili, Giles Carter aliyekuwa mkemia na Warren Esty wa hisabati, ni kati ya waliogeuza wazo hilo kuwa kanuni. Iliyo nyepesi kuliko zote inaweza kufanywa kwa kalamu: zidisha idadi ya sarafu kwa idadi ya mihuri iliyoonekana, kisha gawanya kwa tofauti kati ya namba hizo mbili. Sarafu 100 na mihuri 20 zinatoa 2,000 kugawanya kwa 80, yaani 25. Mihuri 20 imeonekana, mitano hivi bado imejificha.

Kwa sarafu 100 na mihuri 90, kanuni ile ile inatoa 9,000 kugawanya kwa 10, yaani 900. Lakini jibu hili halina nguvu. Sarafu mbili tatu zingebadilika, nalo lingeshuka au kupanda kwa mamia. Mtafiti mwaminifu hapo husema tu kwamba mihuri ilikuwa mingi, na kwamba anahitaji sarafu zaidi.

Kuna njia nyingine ya kupima, na pengine ndiyo nzuri kuliko zote kwa sababu haihitaji kujua idadi kamili. Hesabu mihuri iliyoonekana mara moja tu. Ikiwa kati ya sarafu 100 ni tatu tu ambazo muhuri wake haukurudi tena, basi takriban asilimia 97 ya sarafu zote zilizogongwa zamani zilitoka katika mihuri ambayo tayari tunaijua. Wazo hilo ni la Waingereza wawili waliovunja siri za barua za Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, Alan Turing na I. J. Good, na Good alilichapisha mwaka 1953. Hawakuwa wakifikiria sarafu hata kidogo.

Mpaka hapa hesabu ni imara. Shida huanza hatua inayofuata.

Muhuri mmoja, sarafu ngapi?

Kujua kwamba mji ulitumia mihuri 25 hakutoshi. Mwanahistoria anataka kujua pesa: je, ilitosha kulipa jeshi, kujenga hekalu, kununua ngano? Kwa hiyo lazima aseme muhuri mmoja ulitoa sarafu ngapi kabla ya kufa. Na hapo wataalamu wamegombana vikali.

Mwaka 1963, Mwingereza David Sellwood alichapisha majaribio yake. Alitengeneza mihuri kwa namna ya kale, akachukua nyundo na kugonga mwenyewe. Mihuri yake ilidumu mapigo ya maelfu mengi, kuliko wengi walivyodhani. Lakini jaribio la mtu mmoja wa leo ni ushahidi wa mbali.

Ushahidi wa karibu zaidi unatoka Delfi, mahali patakatifu pa Wagiriki. Hekalu lake lilibomoka mwaka 373 kabla ya Kristo, na miji mingi ilichanga pesa kulijenga upya. Michango ilifika katika sarafu za kila aina. Kuanzia mwaka 336, baraza lililosimamia hekalu liliamua kuyeyusha sehemu ya fedha hiyo na kugonga sarafu zake lenyewe, na hesabu zikachongwa juu ya mawe. Mawe hayo yamebaki, ingawa yamevunjika. Hivyo, kwa nadra sana, tuna pande zote mbili: kiasi cha fedha kwa maandishi, na mihuri kwa sarafu. Waliogawanya moja kwa nyingine walipata makumi ya maelfu ya sarafu kwa kila muhuri wa chini. Tangu hapo, 20,000 ndiyo namba inayotajwa sana.

Tuitumie tuone. Muhuri mmoja wa Athene ukitoa sarafu 20,000 za drakma nne, hizo ni drakma 80,000, karibu kilo 345 za fedha. Mihuri 25 ni tani 8 na nusu. Lakini kama muhuri ulitoa 10,000 tu, tani 4 na zaidi zinayeyuka, nazo hazikuwahi kuwapo. Historia nzima ya utajiri wa mji inaweza kukaa juu ya namba moja iliyokisiwa.

Mmarekani Theodore Buttrey aliliona hilo na akasema wazi, mwaka 1993, kwamba hesabu hizi ni ndoto. Muhuri hauna umri uliopangwa. Mmoja hupasuka siku ya kwanza, mwingine hutupwa ukiwa bado mzima kwa sababu mfalme amekufa au fedha imekwisha. Mbelgiji François de Callataÿ, wa Maktaba ya Kifalme ya Brussels, alimjibu miaka miwili baadaye. Hakukataa mashaka yenyewe, ila alikataa kukata tamaa: hata kama hatujui idadi kamili, tunaweza kulinganisha. Mji uliotumia mihuri 300 uligonga zaidi ya mji uliotumia 10, na hilo peke yake ni habari kubwa.

Tukisema kweli, wote wawili walikuwa na haki. Anayesoma kwamba mji fulani uligonga sarafu milioni kadhaa na aulize mara moja: muhuri umehesabiwa, au umri wake umekisiwa?

Kilwa: majina bila tarehe

Afrika Mashariki ina sarafu zake za kale, na mafumbo yake yanafanana na ya Wagiriki. Masultani wa Kilwa, kwenye pwani ya kusini ya Tanzania ya leo, waligonga sarafu za shaba kwa vizazi kadhaa. Upande mmoja lilikaa jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yaliyotungwa yapatane kwa vina na jina hilo. Maandishi ni ya Kiarabu, mafupi na mazuri. Lakini hayana mwaka wala jina la mji.

Sarafu hizo zilisafiri. Moja ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani aliyemkaribisha msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, ilipatikana Great Zimbabwe, karibu na nchi ilikotoka dhahabu ya Kilwa. Nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hadi leo wataalamu wanabishana zilifikaje huko. Wachimbaji wa mambo ya kale huko Songo Mnara, kisiwa jirani na Kilwa, walipata rundo moja lenye sarafu zaidi ya 300.

Huko Pemba, mahali paitwapo Mtambwe Mkuu, mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo kama magamba ya samaki, pamoja na chache za dhahabu kutoka nchi za Waislamu wa kaskazini. Zile za dhahabu zilikuwa na tarehe, na zilionyesha kwamba rundo lilizikwa katika karne ya 11 au baada yake kidogo. Kabla ya hapo, wengi walidhani sarafu za pwani zilianza baadaye sana.

Sarafu 2,000! Mtu angedhani kwamba hapo hesabu ya mihuri inakuwa rahisi. Sivyo. Rundo ni mkoba wa mtu mmoja, au wa nyumba moja. Kama mwenyewe alipokea sehemu ya pesa zake moja kwa moja kutoka kwa mgongaji, sarafu zake zitatoka katika mihuri michache inayojirudia, na kanuni itadanganywa iseme kwamba mihuri yote ilikuwa michache. Ni sawa na kuhesabu chukudu mbele ya nyumba ya mwenye chukudu tatu. Ndiyo maana watafiti hupenda sarafu moja moja zilizoangushwa mahali pengi kuliko rundo kubwa lililokaa pamoja, hata kama rundo ndilo linalopigwa picha.

Shaba nayo ina tatizo lake. Ikikaa ardhini karibu na bahari, chumvi huila, na mistari midogo inayotenganisha muhuri na muhuri hupotea kwanza. Jina la sultani bado linasomeka, lakini mkono wa mchongaji hauonekani tena.

Tabora, 1916

Yapo mahali karibu nasi zaidi ambapo idadi imebaki kwa maandishi, na hadithi yake inawagusa pia watu wa Kivu.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, meli za Waingereza zilifunga pwani ya Afrika Mashariki ya Wajerumani. Sarafu kutoka Ulaya hazikufika tena, na askari na wapagazi walitaka kulipwa. Mwaka 1916 Wajerumani waliamua kugonga pesa Tabora, ndani ya karakana ya reli. Walitumia shaba na shaba nyeupe iliyookotwa huku na huku, hata maganda ya risasi za mizinga, kutengeneza sarafu za heller 5 na heller 20. Na kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke waligonga sarafu ya rupia 15, yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Inaelezwa kwamba mihuri ilichongwa na sonara Msinhali kutoka Ceylon.

Hesabu zilihifadhiwa. Sarafu za dhahabu zilikuwa 16,198. Wakusanyaji wanazigawa aina mbili, kwa pambo dogo chini ya maandishi ambalo mwisho wake haufiki mahali pamoja: za aina moja ni 9,803, za nyingine 6,395.

Hebu tujifanye hatujui. Tuseme miaka 2,000 imepita, daftari limepotea, na mtafiti ana sarafu 40 za tembo mezani. Anaona mapambo mawili, anahitimisha: mihuri miwili. Anachukua namba ya Delfi, 20,000 kwa kila muhuri, na kuandika kwamba Tabora iligonga sarafu 40,000 za dhahabu. Angekosea kwa zaidi ya mara mbili. Ukweli ni kwamba, kama kila aina ilitoka katika muhuri mmoja, hakuna uliofika hata 10,000.

Mihuri ile haikuwa mibovu kuliko ya Wagiriki. Wakati ndio uliokwisha. Majeshi ya Kongo ya Wabelgiji, Force Publique, yalikuwa yameanza safari kutoka upande wetu. Kikosi kimoja kilipita kaskazini ya Ziwa Kivu na kuingia Rwanda, kingine kilishuka kusini ya ziwa kuelekea Burundi. Nyuma yao walitembea maelfu ya wapagazi waliobeba vyakula na risasi. Tarehe 19 Septemba 1916 waliingia Tabora. Karakana ilikuwa imekwisha kuachwa. Hilo ndilo jambo alilolisema Buttrey: muhuri unaweza kuacha kazi kwa sababu ambazo chuma hakiwezi kutueleza.

Zile za heller 20 zinafundisha somo jingine. Zilikuwa zaidi ya milioni 1.5. Vitabu vya wakusanyaji vinazigawa aina chache kwa herufi A, B na C, kwa tofauti ndogo za taji na za maandishi. Lakini aina si muhuri. Fundi akichonga mihuri kumi kwa mfano mmoja, kitabu kitaandika aina moja. Ni lazima kuangalia mkwaruzo kwa mkwaruzo.

Kurudi barabarani

Sasa jetoni. Je, hesabu ya bundi inaweza kufanya kazi kwa karatasi za Masisi na Walikale?

Kwa sehemu, ndiyo, na sehemu hiyo si ndogo. Kashe ya mpira iliyochongwa mjini ina upungufu wake kama muhuri wa chuma: herufi iliyokatika, ukingo uliolika, nyota iliyopinda. Karatasi 100 kutoka vijiji mbalimbali zikilinganishwa, zingeonyesha kashe ngapi zilitumika, na kwa kanuni ile ile zingesema ngapi hazijaonekana. Hapo ingejulikana kama kodi ilikusanywa na ofisi moja au na makamanda kumi, kila mmoja na kashe yake mfukoni. Kwa anayetafuta nani aliamuru nini, hilo si jambo dogo.

Lakini kashe ya mpira haifi kwa mapigo kama chuma. Inaweza kupiga karatasi maelfu kwa maelfu. Kwa hiyo haitoi hata ule mwanya wa Delfi wa kupata idadi kutoka kwa umri wa muhuri. Hapo inabidi kupita njia nyingine: watu wazima wa kijiji, miezi ambayo kikundi kilikaa, na sehemu ya watu waliolipa kweli.

Kama karatasi zina namba za mfuatano, kazi inakuwa rahisi mno. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza na Wamarekani walitaka kujua Ujerumani ilitengeneza vifaru vingapi. Wapelelezi walisema kwa Juni 1941 ni 1,550 kwa mwezi. Wataalamu wa takwimu, walioangalia tu namba zilizopigwa kwenye vifaru vilivyotekwa, walisema 244. Baada ya vita daftari za Wajerumani zilifunguliwa: vilikuwa 271. Kanuni ni ya darasani. Chukua namba kubwa uliyoiona, ongeza namba hiyo ikigawanywa kwa idadi ya vitu ulivyoviona, toa moja. Jetoni tisa ambazo namba kubwa kati yake ni 1,800 zinasema zilitolewa kama 1,999.

Haya yanataka sharti moja ambalo Wagiriki walilitimiza bila kujua, kwa kuzika na kuangusha sarafu zao kila mahali: vipande lazima viwepo, na vitoke sehemu nyingi. Fedha hukaa ardhini miaka 2,500. Karatasi haimalizi msimu mmoja wa mvua chini ya hema la kambi. Na kikundi kikiondoka kingine kikaingia, kukutwa na karatasi ya wale wa kwanza kunaweza kuwa hatari, hivyo mtu mwenye akili huichoma. Kinachoteketea hapo ni ushahidi wa kile alicholipa, ingawa hakuna atakayemlaumu.

Swali la kiasi kilichochukuliwa halitabaki kwa wanahistoria peke yao. Sheria ya Desemba 2022 iliunda mfuko wa taifa wa fidia kwa wahanga wa ukatili wa kingono katika vita na wa makosa mengine makubwa, FONAREV. Kodi za bariera si hilo hasa ambalo mfuko uliundwa kulishughulikia, lakini katika mashauri ya namna hii swali la namba hufika siku moja: watu wangapi, mara ngapi, miaka mingapi. Wanaosema kwa kukisia huambiwa wanakisia.

Wataalamu wa sarafu wangeshauri jambo la kwanza lililo dogo kabisa, na halihitaji mtu kubaki na karatasi mkononi. Picha ya simu iliyopigwa kwa karibu, mwanga ukitoka pembeni, ili ukingo wa kashe uonekane. Na pamoja na picha, mwezi na kijiji, bila jina la mwenye karatasi. Ndivyo zinavyopigwa sarafu za Athene makumbushoni: ipimwe, igeuzwe, ionekane ufa wake. Picha 100 zinatosha kuanza. Kumi kutoka kijiji kimoja na tisini kutoka vingine ni bora kuliko mia kutoka Kashuga peke yake.

Picha hiyo haina hatari kidogo kuliko karatasi, kama simu itakaguliwa barierani. Kwa hiyo yeyote atakayeanza kazi hii atalazimika kwanza kujibu swali ambalo mtafiti wa bundi hajawahi kuulizwa: zitahifadhiwa wapi, na nani atazishika.